Vigae vya Nyumba ya Patisia

Athene, Patisia, 12 Machi 1978

Dada yangu Polikseni,

Huku baridi ndiyo inaaga. Sijui huko Melbourne mnaingia msimu gani, maana kila nikihesabu nakosea. Mimi mzima. Mama mzima kwa kadiri ya miaka yake themanini na mitatu. Macho yamefunga kabisa, lakini masikio hayajazeeka: nikivuta droo ya jikoni anauliza natafuta nini. Supu ya dengu anakula, na tini kavu nikimkatia vipande vidogo vidogo. Keshaniagiza samaki wa chumvi kwa sikukuu ya tarehe ishirini na tano, na ameniambia nisipunguze vitunguu saumu kama mwaka jana. Anakusalimu. Anamsalimu na shemeji Manthos, jina ambalo baba hakulitamka mpaka anaingia kaburini.

Sasa lililonifanya niandike. Mtaa wetu umebakiwa na nyumba tatu tu za zamani, na yetu ndiyo ya mwisho yenye nguzo. Pande zote mbili wamesimamisha ghorofa sita sita. Jua linaingia kwetu saa tano na kutoka saa saba. Kuna mkandarasi anaitwa Bekas, mtu mwenye maneno machache. Anataka kiwanja. Sisi tunampa nyumba, yeye anaibomoa, anajenga, anatupa fleti tatu: yako, yangu, ya mama. Kuna lifti. Kuna maji ya moto ukutani. Nusu ya Athene imejengwa hivyo na hakuna aliyekufa kwa kufanya hivyo.

Ila haraka inahitajika. Watu wa serikali wamepita na kamera wakipiga picha nyumba za aina yetu. Ikiingia kwenye orodha yao ya majengo ya kumbukumbu, hutaruhusiwa kubadili hata bawaba ya dirisha, wala Bekas hataigusa.

Unajua mwenyewe mama aliiandika kwa jina lako mwaka ule wa harusi yako, yeye akijiwekea haki ya kukaa humo mpaka kufa. Mimi sina hata kizingiti. Kwa hiyo nenda kwenye ubalozi mdogo, weka sahihi, nitumie.

Mama ameomba kalamu. Nimemshika kiwiko asitoke nje ya karatasi. Huu ndio msalaba wake, umeyumba kidogo.

+

Mdogo wako,
Stratis


Melbourne, 9 Aprili 1978

Mdogo wangu Stratis,

Barua nimeipata na nimeubusu msalaba wa mama. Sisi tunaingia majira ya majani kudondoka, ila miti ya huku haidondoshi kitu, inakuangalia tu. Mimi mzima, mgongo kidogo. Bado niko kwenye kiwanda cha soksi, idara ya kuunganisha vidole. Manthos anakusalimu sana. Anauliza dari ya sebule kubwa ikoje.

Unakumbuka alivyoingia nyumbani mara ya kwanza? Mwaka hamsini na nne, na ndoo ya chokaa mkononi. Baba alimwita kuziba ufa kwenye dari, kati ya yule malaika na kapu la makomamanga. Alilala chali juu ya mbao siku kumi na moja, na mimi nilimpelekea kahawa siku kumi na moja. Baba akasema fundi plasta hawezi kuwa mkwe wa nyumba yenye nguzo. Mama akaenda kwa mwanasheria na kuandika nyumba kwa jina langu, kama mama yake alivyomwandikia yeye. Kwao visiwani nyumba humfuata binti mkubwa, na bibi mkuu alikuja na desturi hiyo kwenye sanduku lake pamoja na mashuka.

Kwa hiyo sitaweka sahihi. Usinikasirikie. Nyumba ile babu mkuu aliijenga kwa zabibu kavu alizouza Ulaya, na aliuza mwaka mmoja mzuri tu katika maisha yake. Alitaka nguzo mbili za marumaru, akapata. Alitaka vichwa vya udongo pembezoni mwa paa, akapata ishirini na viwili, sura ya mwanamke katikati ya majani. Wewe ulikuwa ukivihesabu kila siku ukitoka shule, na kila siku ulikuwa unapata ishirini na kimoja.

Kama paa linakusumbua, mtafute fundi. Unakumbuka paka wa Kira Urania, jirani, alivyovunja kigae juu ya sebule kubwa? Sebuleni hapakudondoka hata tone. Doa lilitokea chumba cha nyuma, kwenye kona, mwisho kabisa wa nyumba. Manthos alikuja kutueleza baadaye kwamba boriti zinainama kuelekea kule, na maji hufuata boriti juu ya matete ya dari mpaka yachoke.

Mbusu mama mikono yote miwili.

Dada yako,
Polikseni


Athene, 20 Mei 1978

Dada,

Kristo amefufuka. Pasaka tulikula wawili, mimi na mama. Nilimpakia yai rangi nyekundu ingawa haoni, maana angeniuliza. Anakusalimu. Mimi mzima, duka la vitambaa bado linaniweka, na miguu inauma kwa kusimama.

Umeniandikia kuhusu paka. Nimekuomba sahihi, umeniletea paka na malaika na makomamanga. Nashukuru kwa hadithi. Sasa sikiliza na yangu.

Kila asubuhi namtoa mama kitandani. Namwosha. Namvalisha soksi, labda zile mnazounganisha vidole. Choo kiko chini, uani, kwa sababu babu mkuu alikumbuka nguzo akasahau choo. Ngazi ni za marumaru, ishirini na sita, zimelika katikati kwa miguu ya watu wote wale unaowakumbuka kwa upendo. Mwezi wa pili aliteleza nikamdaka kwa mkono mmoja, na mkono ule mpaka leo haunyooki. Hilo sikukuandikia. Kuna vyumba vitatu nimevifunga kwa kuwa siwezi kuvipasha moto. Namlaza chumba cha nyuma, ndicho kikavu.

Na jingine sijawahi kukuandikia. Mwaka sitini na tatu nilikwenda kumposa Marika, binti wa yule mwenye duka la viatu. Baba yake alinikaribisha vizuri, akasifu nyumba, akasifu nguzo. Kisha akaniuliza, "Na nyumba ni ya nani, kijana?" Nikasema ya dada yangu. Akasema, "Aa. Na mama yako anakaa na nani?" Nikasema na mimi. Hata kahawa sikuimaliza. Marika sasa ana watoto wakubwa.

Kwa hiyo nyumba ni yako na mzigo ni wangu, miaka ishirini na miwili. Nilinyamaza kwa sababu desturi ni desturi, inakwenda kwa binti. Lakini wewe binti huna. Mungu hakukupa hata mwana. Unamtunzia nani nguzo?

Bekas amesema atasubiri mpaka Septemba. Watu wa kamera wamerudi mara ya pili.

+

Stratis


Melbourne, 18 Juni 1978

Stratis,

Kweli amefufuka, ingawa kwenye barua yako sikumwona.

Mimi mzima. Manthos anakusalimu. La binti umeliandika na wino umekauka, hulifuti tena, na mimi sitalijibu.

Jibu langu la nyumba ni lile lile. Sababu ninayo na ni yangu. Nakuonya tu kwamba ukimruhusu huyo Bekas aguse hata ukuta wa uani, utaandikiwa na wakili badala ya dada.

Kwa ajili ya mkono wako pole. Ungeniandikia ulipoumia.

Mbusu mama.

P.


Melbourne, 30 Julai 1978
(barua ya rejista)

Mdogo wangu Stratis,

Huku ni baridi kali na mvua ya kulala ubavu. Nimekaa jikoni na barua yako ya Mei, ambayo nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Nilitaka kukukasirikia zaidi nikashindwa. Kila nikianza namwona mama anateleza na wewe unanyoosha mkono.

Hukukosea, isipokuwa lile la binti. Nilikuwa naitazama nyumba kwa mbali, na kwa mbali haina ngazi wala choo. Mimi ndiye niliyeondoka. Ningekuwa nimemwosha mama hata juma moja ningekuwa na haki ya kuzungumza juu ya malaika.

Basi. Humu ndani mna karatasi ya ubalozi mdogo yenye sahihi yangu na mihuri yao mitatu. Mpe Bekas nyumba. Fleti ya mama iwe karibu na yako. Yangu iwe ya chini, dirisha liangalie uani, na mlimau mumwambie asiukate. Na vichwa vya udongo viwili vya pembeni nihifadhie, sitaki vingine. Manthos anasema nimefanya vizuri.

Siku moja nitakwambia kwa nini nilikataa mwanzo. Si leo.

Naituma kwa rejista isipotee.

Dada yako anayekupenda,
Polikseni


Athene, 3 Septemba 1978

Dada Polikseni,

Natumai u mzima. Sisi wazima. Mama anakusalimu. Joto lilituchemsha mwezi mzima, na bado.

Tarehe kumi na saba tarishi aliniachia kikaratasi cha posta: barua ya rejista kutoka Australia, nikaichukue. Sijakwenda na sitakwenda. Ulisema wakili ataandika, naona kaandika. Basi aandike mpaka wino umwishie, mimi nitakuwa sijasoma, na mtu ambaye hajasoma hashtakiwi. Karani wa pale ananijua, nimemwambia aiweke popote apendapo.

Nakuarifu pia, kwa kuwa ni mali yako, kwamba Agosti tulipata upepo mkali ukang'oa vigae. Ni juu ya sebule kubwa tu, upande wa mtaani. Mama yuko mbali na hapo, kwake ni pakavu kama kawaida, usiwe na hofu. Lakini mtu wa manispaa akija akaona paa liko wazi na dari imeanguka, ataandika kwamba nyumba ni ya hatari, na nyumba ya hatari haiingizwi kwenye orodha ya kumbukumbu wala haihitaji sahihi ya mtu kubomolewa. Ndivyo sheria ilivyo, si mimi.

+

Stratis


Melbourne, 21 Septemba 1978

Stratis,

Sina muda wa salamu. Nenda posta leo hii. Si ya wakili, mpumbavu wewe, ni yangu. Ni sahihi yako hiyo uliyoiomba. Nilikutumia Julai na imekaa rafuni mwezi mzima kwa sababu ya kiburi chako, ulichokirithi kwa baba kwa kuwa cha kurithi kingine hukukipata.

Na kitanda cha mama kihamishe. Leo, kabla ya posta. Nilikuandikia habari ya maji na boriti, ukanicheka. Paa likiwa wazi juu ya sebule, mvua ya kwanza itashukia kwa mama, kwenye kona ile ile. Mpeleke chumba cha mbele, mpeleke jikoni, popote.

Nilisimama dirishani pa simu za maandishi nikaondoka. Nyumba ile haijapata kuletewa simu ya maandishi isiyokuwa ya msiba, na mama akisikia tu tarishi anaitaja atakufa kabla hujamsomea. Kwa hiyo naandika, na nimebandika stempu zote zilizokuwemo nyumbani.

Halafu unieleze kitu kimoja. Upepo uking'oa vigae huvimwaga vipande vipande mtaani. Vipande viko wapi? Na vichwa je? Hukuvitaja hata kimoja.

Polikseni


Athene, 2 Novemba 1978

Dada mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi mzima. Mvua zimeanza mapema mwaka huu.

Ile barua ya rejista nimeichukua. Nakushukuru. Sikutarajia. Karani alinitafutia kwenye makabati muda mrefu. Karatasi iko hapa mezani, mihuri yote mitatu iko wazi na inasomeka.

Kitanda nimekihamisha.

Mama anakusalimu. Amelala.

+

Ndugu yako,
Stratis


Melbourne, 23 Novemba 1978

Stratis,

Nimesoma barua yako mistari yote, na si mingi.

Miaka ishirini na miwili nimeutazama msalaba wa mama. Huanza kushoto na kupanda, kwa sababu ya kidole kilichovunjika kwenye kinu cha kahawa. Tangu macho yafunge, mstari wa pili haukutani na wa kwanza. Wa barua hii umenyooka. Umekutana katikati kabisa, kama uliopimwa kwa rula ya duka la vitambaa.

Mama yuko wapi?

Usinipe salamu. Usinieleze hali ya hewa. Nijibu hilo.

Polikseni


Athene, 15 Desemba 1978

Dada,

Mama alifariki tarehe nne Oktoba, saa tisa mchana.

Nitaandika yote mara moja kwa kuwa nimeshaanza mara tano na kuchana.

Hapakuwa na upepo. Nilivitoa mimi. Nilianza tarehe kumi na tatu Agosti, mtaa mzima umekwenda visiwani na vijijini kwa sikukuu ya Mama wa Mungu, hapakuwa na jicho la kuniona. Siku tatu nilikuwa juu ya paa na mkono huu usionyooka. Sikuvunja hata kigae kimoja. Niliviteremsha kwa ndoo na kuvipanga chumba cha kufulia, vikubwa chini, vidogo juu. Vichwa nilivifunga kwenye magazeti, viko chini ya kitanda changu. Ni ishirini na kimoja, dada. Nilivihesabu kwa mkono, kimoja kimoja. Sijui ishirini na mbili mlikuwa mnaipata wapi.

Sikuwa wa kwanza. Kila mwenye nyumba ya zamani hapa anaijua njia hiyo, unaondoa vigae unaiachia mvua kazi, kisha unalalamika. Nilimchagulia mama upande wa mbali kabisa. Nilidhani maji yanashuka yalipoingilia. Habari ya paka niliisoma. Niliisoma kama mtu anayetafuta sahihi kwenye karatasi, akiona haipo anaitupa.

Nikiwa juu kule alinisikia. Aliniita nilipoingia kunywa maji, akauliza, "Kelele gani hizo kichwani kwangu?" Nikamwambia mafundi wanatengeneza paa. Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Polikseni atafurahi."

Mvua ya kwanza ilikuja tarehe ishirini na tisa Septemba, asubuhi, mimi niko dukani napima kitambaa cha mapazia cha mtu. Niliitazama dirishani nikafurahi. Nakuandikia hili kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia: nilifurahi. Niliwaza, sasa dari ya sebule itaanguka. Nilirudi saa nane. Sebule ilikuwa kavu. Malaika wako alikuwa mahali pake na kapu lake. Kule nyuma matete yalikuwa yamefunguka juu ya kona, plasta imemwangukia mama miguuni, na yeye amelowa mpaka kwenye nywele. Alikuwa ameita. Aliniambia aliita mpaka akadhani sijaamka.

Nilimkausha, nikampeleka jikoni, nikawasha majiko yote. Daktari akaja mara mbili. Kifua kikajaa. Siku ya nne alianza kurudi nyuma, akaniuliza kama Kira Urania kamfungia paka wake. Ya tano akanyamaza.

Kumzika nilimzika vizuri, kando ya mama yake. Siku nne baada ya hapo ikaja barua yako ya kunituma posta, na humo umeandika nihamishe kitanda. Arobaini nimemfanyia. Ngano ya marehemu niliichemsha mwenyewe kwa kuwa sikumtaka mtu aingie jikoni, nikaipamba kwa komamanga. Waliofika walikuwa sita.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikiandika "Mama" mkono ulikuwa unamaliza wenyewe "anakusalimu". Na msalaba niliuweka nikidhani hutatazama.

Karatasi yako sijampa Bekas. Amekuja mara mbili sikumfungulia. Ningekwenda posta Agosti, ningekuwa nayo tangu wakati ule, na vigae ningevirudisha juu kabla ya mvua. Hilo nalijua, huna haja ya kuniandikia.

Niambie nifanye nini. Nyumba ni yako.

Stratis


Melbourne, 14 Januari 1979

Stratis,

Barua yako ilifika siku ya Epifania. Nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa, nikarudi, nikaisoma tena, nikaenda kazini kesho yake nikaunganisha vidole vya soksi. Huku ni joto. Watu wako pwani.

Umetaka kujua ufanye nini. Kwanza na mimi nikuambie langu, maana umenitangulia kusema kweli.

Manthos hakusalimu. Manthos alikufa miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, kwa mapafu, kwa vumbi la plasta ya nyumba za watu wengine. Kila salamu niliyokuletea kutoka kwake niliitunga mimi. Sikutaka kuandika kwenye nyumba ile kwamba fundi plasta wenu ameniacha peke yangu, mkasema baba aliona mbali. Na ndiyo sababu yangu ya kukataa: nilikuwa narudi. Nilikuwa nimekwisha uliza habari za meli. Nilitaka kukaa na mama kwenye chumba cha nyuma, nimwoshe mimi, wewe ukatafute maisha yako hata kwa kuchelewa. Sikukwambia kwa sababu ningelazimika kusema kwa nini narudi mmoja. Ningeliandika neno lile moja mwezi wa nne, usingepanda paa.

Kwa hiyo tumemuua wawili, ila aliyepanda ngazi ni wewe.

Sirudi tena. Kilichokuwa kinaniita hakipo. Na nyumba siitaki. Humu ndani mna karatasi ya pili ya ubalozi, ina mihuri minne, na si ya Bekas. Nimekuandikia wewe nyumba yote, nguzo, ngazi, mlimau na paa. Umekuwa mwanamume wa kwanza kuimiliki tangu babu mkuu. Hakuna binti nyuma yako na hakuna dada mbele yako. Ukitaka kubomoa, bomoa. Ukitaka kurudisha vigae, unajua ulivipanga wapi. Baba yake Marika akikuuliza sasa, unalo jibu.

Nilikuwa nataka kukuomba kitu kimoja, kwamba ulale chumba cha nyuma mvua ikinyesha. Nimeona haina haja. Utalala kule bila kuombwa.

Barua zote ulizonitumia tangu mwaka hamsini na sita nimezitoa kwenye sanduku. Nimekaa na mkasi siku mbili, nikakata misalaba ya mama, mmoja mmoja, nikaitia kwenye bahasha ambayo nitazikwa nayo. Ni mia na tisa. Huu wako wa Novemba nimeukata pia, lakini sikuuchanganya na yake. Nimeufunga humu pamoja na hati ya nyumba. Ni wako, nakurudishia.

Polikseni